Ndoa ya Bunduki na Darubini

Kwenye shingo ya kitako cha bunduki ya Kiingereza iitwayo No. 4 Mk I (T), pale mkono wa kulia unapoishika, pamegongwa namba juu ya mbao. Namba hiyo ni ya darubini. Namba ya bunduki yenyewe imechapwa kwenye kishikizo cha chuma kinachoibeba darubini. Kila mmoja ametembea na jina la mwenzake tangu Vita Kuu ya Pili.

Ndoa hiyo ilikuwa na sababu. Bunduki zilizopiga vizuri kuliko wenzao kwenye majaribio ya kiwandani zilitengwa, nyingi zikitoka kiwanda cha BSA huko Shirley, zikapelekwa London kwa Holland & Holland, mafundi wale wale waliowaundia wawindaji wa tembo silaha zao. Hapo zilifungwa darubini No. 32 yenye kukuza mara tatu na kipande cha mbao cha kuegemeza shavu. Zaidi ya 20,000 zilipita mikononi mwao. (Wakenya waliowaona polisi wa akiba na Mark 4 mabegani wanamjua mama yake, No. 4 ya kawaida; hii ni mtoto aliyesomeshwa.) Darubini ilirekebishwa ilenge pamoja na bunduki moja tu, kwa hiyo kuihamishia nyingine ni kuivunja kazi ya fundi.

Anayeikagua leo anaanza na namba hizo mbili. Kisha anatafuta herufi T ubavuni mwa chuma, upande wa kushoto, pamoja na TR kwa nyingi za BSA, na S51 chini ya kitako, alama ya Holland & Holland. Anatazama pia skrubu za vipande vinavyobeba kishikizo: ziligongwa pembeni ili zisilegee. Herufi T inayong'aa juu ya chuma kilichochakaa inajisema yenyewe. Namba zisipokubaliana, thamani inaporomoka, na kwa bunduki hii nadhani ni haki.

Shida huanza jicho lililofunzwa hivyo linapopelekwa kwa Mrusi.

Mosin-Nagant 91/30 yenye darubini ya PU, inayokuza mara tatu na nusu, ilizaliwa kwa haraka. PU iliundwa kwa ajili ya SVT-40, bunduki inayojipakia risasi yenyewe, kisha mwaka 1942, Wajerumani wakiwa ndani ya nchi, ikahamishiwa kwenye Mosin ya zamani. Kiwanda cha Izhevsk kilizitoa kwa wingi usiojulikana Uingereza. Tula ikafuata 1943. Mpini wa bolti ulirefushwa na kupindwa chini ili usigonge darubini. Namba ya darubini ilichapwa kwenye shina la mtutu. Kwa hiyo hata hapa ndoa ilifungwa.

Baada ya vita, maghala ya Kisovieti yalizifungua bunduki hizo vipande vipande. Chuma kikatiwa rangi nyeusi upya, mbao zikapakwa vanishi nyekundu, bolti ya huyu ikaenda kwa yule, na namba zikagongwa upya ili zifanane. Namba ya zamani ya darubini ilipigwa mstari, mpya ikaandikwa karibu. Ni kama mswada wa utenzi kwa herufi za Kiarabu uliopita kwa wanakili watatu: marekebisho ya pembeni ndiyo yanayokuonyesha ulisomwa wapi. Mnunuzi anayeidharau PU kwa sababu namba imefutwa anaitupa hati halali. Mimi huishuku zaidi ile isiyo na doa lolote, hasa mtutu ukiwa wa 1938, kabla PU haijakuwepo, shina likiwa halina namba ya darubini, na matundu yakionyesha chuma kipya.

Mmarekani alishika njia nyingine. M1903A4 ya Remington haikuandikiwa namba ya darubini popote, na jina lake halikuchapwa juu ya chuma. Imeandikwa 03-A3 kama ya askari wa kawaida. Inatambulika kwa kundi la namba ilimoangukia, kwa maandishi yaliyosogezwa pembeni kupisha kishikizo, na kwa mtutu usiofungwa kilengeo cha mbele.

Lakini inayonigusa kuliko zote ni Mosin isiyo na darubini kabisa. Baada ya vita nyingi zilirudishwa kuwa za askari wa miguu: matundu ya skrubu yakazibwa kwa chuma na kusuguliwa, bolti iliyopindwa ikabadilishwa kwa iliyonyooka, tundu kwenye mbao likatiwa kiraka. Zikauzwa pamoja na maelfu ya nyingine, bei moja. Ukielekeza ubavu wake wa kushoto kwenye mwanga wa dirisha, viduara viwili hafifu vinajitokeza, na kwenye shina la mtutu namba ya darubini, imepigwa alama za X, bado inasomeka.