Nani aliamua rangi ya sura zetu?

Zamu hii ni yangu. Niliahidi kuandika historia, na wengi walifikiri nitaandika ya vita. Hapana. Naandika historia ya rangi kwenye video, juu ile rangi ilinitia haya mbele ya watu.

Ilikuwa hivi. Mimi ni volontere kambini, mashariki ya Burundi. Mwaka jana nilitengeneza video ya dakika nne juu ya akina mama wanaotengeneza sabuni. Picha nilichukua kwa simu, montaji nikafanya mwenyewe. Mwishoni nikaweka rangi kama nilivyozoea kuona kwenye video zinazotengenezwa juu ya wakimbizi: kila kitu kahawia, kijani kimefifia, sura zina giza. Nilidhani hiyo njo kazi ya fundi mkubwa. Tukaonyesha ukutani, hangari imejaa watu. Mama mmoja, ambaye video inaanza na yeye, alinyamaza mpaka mwisho. Halafu akaniuliza: "Mwanangu, kitenge changu ni cha njano na bluu. Hiki ulichonivalisha ni cha nani? Nimefiwa?"

Watu walicheka sana. Mimi sikucheka.

Miezi miwili baadaye nilipata ruhusa ya kutoka, nikaja Bujumbura kwa mafunzo ya wiki tatu. Tulikuwa vijana tisa, Wakongomani na Warundi, chumba kimoja kule Buyenzi, mashine nne, umeme unaenda na kurudi. Pale njo nilijifunza kazi inayoitwa etalonaji, yaani kupanga rangi na mwanga wa video baada ya kuikata na kuiunganisha. Na kwa sababu umeme ulikuwa unakatika, mwalimu wetu alikuwa na muda wa kutosha wa kutupa historia. Mengine nilisoma mwenyewe usiku kwenye simu. Haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza, rangi kwenye filimu haikuanza na kompyuta. Filimu za kwanza zilikuwa nyeusi na nyeupe, lakini watu walitaka rangi tangu mwanzo. Kule Paris, mwanamke mmoja aitwaye Elisabeth Thuillier alikuwa na karakana yenye wanawake zaidi ya 200. Walipaka rangi filimu kwa mkono, kipicha kwa kipicha, na kila mfanyakazi alishika rangi yake moja. Filimu za Georges Méliès zilipita kwenye mikono yao. Sekunde moja ya filimu ina vipicha zaidi ya kumi. Fikiria dakika kumi. Majina ya wale wanawake karibu yote yamepotea. Nawataja kwa sababu ukikaa mbele ya mashine ukasema mgongo unauma, ujue kuna waliotangulia kuumia.

Pili, rangi ilipoingia kwenye filimu yenyewe kwa njia ya kemikali, kulikuwa na mtu wa kuamua rangi ipi ni "sahihi". Kampuni ya Kodak ya Marekani, kuanzia miaka ya 1950, ilikuwa inatuma kwenye maabara za picha kadi yenye foto ya mwanamke mzungu. Waliita kadi ya Shirley, kwa jina la mwanamitindo wa kwanza. Fundi wa maabara alikuwa anapima mashine yake kwa sura ya Shirley. Shirley akitoka vizuri, basi mashine iko sawa. Na sisi je? Mtu mweusi akipigwa picha pamoja na mzungu, mzungu anaonekana vizuri, mweusi anabaki macho na meno tu.

Profesa mmoja wa Kanada, Lorna Roth, alifanya utafiti juu ya jambo hili. Alionyesha kwamba miaka ya 1960 na 1970 kampuni ile ilianza kusikia malalamiko makubwa kutoka kwa watengeneza chokoleti na watengeneza fanicha za mbao. Chokoleti nyeusi na chokoleti ya maziwa zilitoka rangi moja kwenye matangazo. Mbao za aina mbili zilifanana. Hapo njo walianza kuboresha filimu ione vizuri rangi za kahawia. Someni tena hapo. Watu weusi walikuwepo miaka yote, lakini chokoleti ilisikilizwa mbele. Kadi yenye wanawake wa rangi mbalimbali ilikuja miaka ya 1990.

Kuna na habari ya Afrika Kusini. Wakati wa ubaguzi, kila mtu mweusi alilazimishwa kutembea na kitabu cha pasi chenye picha yake. Kampuni ya Polaroid ilikuwa na mashine ya kupiga picha za vitambulisho, ID-2, yenye kitufe cha kuongeza mwanga ili sura nyeusi ionekane. Kwa hiyo ujuzi wa kutuonyesha vizuri ulikuwepo, ila ulitumika kutukamata. Mwaka 1970 wafanyakazi wawili weusi wa kampuni hiyo kule Marekani, Caroline Hunter na Ken Williams, waligundua kwamba bidhaa za mwajiri wao zinatumika kwenye pasi zile. Wakaanzisha mgomo. Walipoteza kazi, lakini hawakuacha, na mwaka 1977 Polaroid ikaacha kuuza Afrika Kusini.

Mimi nilisoma habari hiyo nikatoa kadi yangu mfukoni. Foto yangu pale ni kama kivuli kimevaa shati. Siku moja kwenye kizuizi cha barabara askari aliiangalia, akaniangalia, akauliza: "Huyu ni wewe?" Nilikaa pembeni saa nzima, basi ikaniacha. Sisi tunaoishi kwa kadi tunajua kwamba mwanga mbaya kwenye foto unaweza kukulaza njiani.

Tatu, kompyuta. Mwaka 1984, mwaka uleule televisheni ya taifa ya Burundi ilipoanza, kampuni iitwayo da Vinci Systems ilianzishwa kule Florida, Marekani. Ilitengeneza mashine za kupanga rangi za filimu na matangazo. Mashine kamili iliweza kufika bei ya mamia ya maelfu ya dola, na mteja alikodi chumba kwa saa. Wakati huo Léonce Ngabo wa hapa Burundi alikuwa bado hajatoa filimu yake. Alitoa "Gito l'ingrat" mwaka 1992, na hiyo njo filimu ndefu ya kwanza ya Mrundi.

Mwaka 2000 ilitoka filimu ya ndugu wawili Coen, "O Brother, Where Art Thou?". Waliipiga jimbo la Mississippi wakati wa joto, majani yakiwa kijani kibichi. Lakini walitaka nchi kavu, ya vumbi, kama foto ya zamani. Mpiga picha wao Roger Deakins alijaribu kemikali, ikashindikana. Basi filimu nzima ikaingizwa kwenye kompyuta, kijani kikageuzwa kuwa manjano makavu. Ilikuwa kati ya filimu za kwanza kabisa kupangwa rangi yote kwa kompyuta kutoka mwanzo mpaka mwisho.

Mwalimu alipotueleza hiyo, moyo wangu ulishtuka. Kugeuza nchi ya kijani kuwa ya vumbi! Hicho ndicho nilichofanya mimi. Tofauti ni kwamba wale walikuwa wanasimulia hadithi ya kubuni, na kila mtazamaji alijua. Mimi nilikuwa naonyesha kambi yetu, ambako mwezi wa nne vilima vyote ni kijani mpaka macho yanapumzika, nikaifanya jangwa. Hakuna aliyenituma. Nilikuwa nimeshajifunza kwamba mkimbizi ana rangi yake, na rangi hiyo ni ya vumbi.

Mwaka 2009 kampuni ya Australia, Blackmagic Design, ilinunua da Vinci. Mwaka 2010 wakauza programu yake, Resolve, kwa dola 995 kwa mashine za Apple, na mwaka 2011 wakatoa toleo la bure. Mwaka huo wa 2009 ndio Léonce Ngabo alianzisha hapa Bujumbura tamasha la filimu, FESTICAB. Na ng'ambo ya mpaka, Goma, kituo cha Yole!Africa cha Petna Ndaliko Katondolo kilikuwa tayari kinafundisha vijana kutengeneza filimu zao wenyewe. Sioni kwamba mambo haya yalipangwa pamoja. Ila yalikutana, na kwa sababu hiyo kijana asiye na hata dola kumi anaweza leo kukaa Buyenzi mbele ya chombo ambacho zamani kilikuwa cha matajiri.

Bure lakini si rahisi. Programu hiyo inataka mashine yenye nguvu. Zetu zilikuwa zinaganda, zinapiga kelele kama kinu. Ilibidi tupunguze ukubwa wa video kwanza, tupange rangi, halafu turudishe ukubwa mwishoni. Na ile tuliyokuwa nayo ilikuwa ya Kiingereza, sisi tumesoma Kifaransa. Tukaweka maneno yetu. Kuna magurudumu makubwa matatu: moja la giza, moja la katikati, moja la mwanga. Kosa la wanaoanza ni kushusha la giza sana. Sura nyeusi inaishi kwenye gurudumu la katikati. Ukilipandisha kidogo, mashavu yanarudi, mikunjo ya paji la uso inarudi, mtu anarudi.

Halafu kuna kipimo cha duara kinachoonyesha rangi zote za picha kama vidoti. Ndani yake unaweza kuweka mstari mmoja wa kupimia ngozi ya mtu. Mwalimu alituambia tujipige picha wote tisa, na yeye kumi, tuweke sura moja moja. Kati yetu kuna mweusi kabisa na kuna maji ya kunde. Kisha akaweka sura ya mzungu kutoka kwenye video moja. Vidoti vyote vilianguka karibu na mstari uleule. Ngozi zetu zinatofautiana giza na mwanga, lakini aina ya rangi inakaribiana, kwa sababu chini yake damu ni nyekundu kwa wote. Chumba kilinyamaza. Sisi tumekimbia watu waliotuua kwa kuangalia pua na urefu.

Siku ya mwisho tulishuka ziwani jioni, tukapiga picha milima ya Kongo ng'ambo. Tuliporudi, mmoja aliifanya zambarau, mwingine nyeusi. Mimi nilizaliwa chini ya milima ile, upande wa Uvira. Najua ilivyo saa kumi na mbili jioni: ni bluu ya moshi, na chini kidogo pana wekundu wa mioto ya kupikia. Nilipanga hivyo. Mwalimu akauliza nimeitoa wapi rangi hiyo. Nikamwambia: nyumbani.

Nilirudi kambini nikaanza video upya. Nilimwomba yule mama anionyeshe kitenge, nikakiweka kando ya mashine mchana. Beseni lake jeupe likanisaidia kupima weupe. Siku moja katika video mvua ilikuwa inanyesha kweli, anga ya kijivu. Hiyo niliiacha kijivu, juu ndivyo ilivyokuwa. Nilimpelekea kwenye simu. Aliangalia mara mbili, akasema: "Sasa huyu ni mimi. Nitumie, niwatumie watoto walio Nakivale."

Wakubwa wa mashirika, mkija na kamera, mtuonyeshe video kabla haijaenda. Mtuulize kama rangi ni yetu. Vijana wenzangu, mashine ya kujifunzia ipo, moja, inaganda. Jumamosi saa nane, kwenye hangari. Mje na kitu kimoja ambacho rangi yake mnaijua kwa moyo.