Kiatu Kisicho na Kamba

Simama asubuhi penye kivuko cha Kamanga utazame miguu ya watu wanaoshuka. Waliofunga kamba za viatu ni wachache. Wengi wamevaa kandambili, wengine yeboyebo za plastiki, na wazee wawili watatu bado wana katambuga. Vyote hivyo ni viatu vya kutumbukiza mguu ukaenda zako. Nilipokuwa mwalimu mkuu niliuona mtindo huo kuwa ni uvivu. Leo najua kwamba una historia yake, na katika historia hiyo mimi mwenyewe nina deni.

Historia yenyewe yaanza na mdudu. Funza hakuwa mwenyeji wa bara letu. Mwaka 1872 meli ya Kiingereza iitwayo Thomas Mitchell ilitoka Brazil ikatia nanga Ambriz, Angola, ikiwa imepakia mchanga wa kuipa uzito, na ndani ya mchanga huo mlikuwa na funza. Kutoka pale walisafiri katika miguu ya wapagazi, misafara kwa misafara, na kabla ya miaka ishirini na mitano kupita walikuwa wameshalifikia ziwa letu. Oscar Baumann, msafiri kutoka Austria aliyepita Uzinza mwaka 1892, aliandika kwamba alikuta watu ambao viungo vyao vimeoza kwa sababu ya funza, na vijiji vizima vilivyokwisha watu. Uzinza ndiyo nchi hii ya Sengerema na Geita. Funza akitolewa mapema kwa mwiba au pini, hana madhara makubwa. Akiachwa, mguu huharibika.

Kwa hiyo huku kwetu kiatu hakikuwa pambo. Kilikuwa kinga kati ya unyayo na mchanga. Lakini kiatu cha dukani kilikuwa cha karani, mwalimu na padri. Mkulima wa pamba alipata chake malori yalipoanza kuacha matairi makuukuu. Fundi alilikata tairi kwa kipimo cha mguu, akapigilia mikanda kwa misumari, na katambuga ikawa tayari. Haikutaka soksi wala kiwi, na ikilowa haikuharibika. Mtu aliamka alfajiri, akachomeka mguu, akashika jembe. Baadaye zikaja kandambili za mpira, nyepesi zaidi, na hata akina mama na watoto wakaweza kuvaa.

Sasa niungame. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuwa vimekwisha, na maduka yalikuwa matupu. Sabuni ilikuwa ya foleni, sembuse viatu. Katika hali hiyo nilitoa amri kwamba mwanafunzi asiingie darasani na kandambili. Niliamini, kama nilivyofunzwa chuoni, kwamba mtoto anayeinama kufunga kamba zake vizuri ataweza pia kuketi akamaliza hesabu zake.

Watoto walitii. Waliziacha kandambili nyumbani wakaja pekupeku, maana viatu vya kamba hawakuwa navyo. Baada ya majuma machache nilimwona msichana mmoja wa darasa la tano, atokaye kijiji cha ufukweni, akitembea kwa visigino. Nikamwita, nikatazama vidole vyake. Vilikuwa vimejaa funza.

"Huna hata ndala, mwanangu?" nikamwuliza.

"Ninazo, mwalimu. Ziko nyumbani. Ulizikataza."

Jumatatu iliyofuata nilitangaza mstarini kwamba kandambili zimeruhusiwa. Sikutoa sababu, wala sikukiri kosa. Hilo la pili linaniuma kuliko lile la kwanza.

Mambo haya si ya kwetu peke yetu. Majuzi niliona katika televisheni watu wa nchi za theluji wakiteleza mlimani juu ya ubao. Zamani iliwalazimu kuketi chini na kukaza mikanda ya buti kila waliposhuka kutoka kwenye lifti. Tangu mwaka 2017 kampuni ya Burton ya Marekani inauza vifungio ambavyo mtu hukanyaga tu, buti likanasa. Watelezao kwa burudani wanazidi kuvipenda, na wako wakongwe wanaoona kwamba mikanda ndiyo uteleza wenyewe. Nilipowasikia, nilijisikia mimi.

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi nilikuwa na jozi mbili za viatu vya ngozi chini ya kitanda, nami nilimtungia sheria mtoto aliyekuwa na jozi moja ya mpira. Ile jozi ya mpira ilikuwa imetosha kumkinga, mpaka nilipoingilia kati.