Karatasi ya Bibi na Sheria ya 1362

Nilikuwa kidato cha pili bibi aliponiletea karatasi ya hukumu. Kesi ilikuwa ya shamba. Alishinda kwenye baraza la kata, jirani akakata rufaa, na sasa majibu yalikuwa yamekuja kwa Kiingereza, kurasa nne.

"Wewe ndiye msomi wetu, mjukuu wangu. Nisomee."

Nilirukia mstari wa mwisho, nikakutana na neno *dismissed*. Nililifahamu kutoka shuleni: ndilo lililoandikwa kwenye barua ya mwanafunzi aliyefukuzwa. Nikamwambia, "Bibi, wametufukuza." Usiku ule hakula. Asubuhi tulikwenda kwa mwalimu mmoja mstaafu, akasoma taratibu, akacheka. Kilichotupwa ni rufaa ya jirani. Bibi alikuwa ameshinda.

Sasa ninasoma shahada ya uzamili ya historia, na muhula uliopita nilijikuta katika Uingereza ya zama za kati. Huko nilikuta jambo ambalo sikulitarajia: Kiingereza chenyewe kiliwahi kusimama pale aliposimama bibi.

Kabla ya mwaka 1066, wafalme wa Waingereza waliandika sheria zao kwa Kiingereza. Kilikuwa Kiingereza kingine kabisa. Nomino ziligawanywa katika makundi matatu, na anayejua ngeli zetu hatashangaa: jua lilikuwa la kike, mwezi wa kiume, na neno la kumtaja mke halikuwa la kike wala la kiume. Miishio ya maneno ndiyo iliyoonyesha nani ametenda na nani ametendwa, kwa hiyo maneno yaliweza kuhamahama ndani ya sentensi bila maana kupotea.

Miishio hiyo ilikuwa imeanza kulika mapema, hasa kaskazini na mashariki, ambako Waskandinavia waliokuja kama maharamia walibaki wakalima na kuoa. Lugha za majirani hawa zilifanana mizizi lakini zilitofautiana mikia, na watu wanaotaka kuuziana ng'ombe hawagombanii mikia. Kutoka kwa Waskandinavia Kiingereza kilipokea hata neno dogo kama *they*. Lakini waandishi wasomi waliendelea kuandika kwa utaratibu wa zamani, kana kwamba hakuna kilichobadilika.

Kisha William wa Normandy akashinda vita vya Hastings. Katika miaka michache, karibu mabwana wote wa Kiingereza walipoteza ardhi zao. Maaskofu wapya walitoka ng'ambo. Kilatini kikawa lugha ya kumbukumbu za serikali, Kifaransa kikawa lugha ya wakubwa, na baadaye ya mawakili. Kiingereza hakikufa, kwa sababu wakulima hawakuacha kuzungumza. Kilichopotea ni ulinzi wa wasomi. Huko Peterborough watawa waliendelea kuandika tarehe ya nchi yao kwa Kiingereza hadi matukio ya 1154, na katika kurasa zao za mwisho unaona mabadiliko yaliyokuwa yamefichwa: miishio imepungua, makundi ya nomino yanavurugika, na mpangilio wa maneno unaanza kubeba kazi iliyobebwa na miishio.

Maneno ya Kifaransa nayo yakamiminika, hasa kati ya mwaka 1250 na 1400, wakati wakubwa wenyewe walipokuwa wakihamia Kiingereza. Walihama na mizigo yao: *court*, *judge*, *appeal*, *evidence*, *costs*. Niliposoma orodha hiyo maktabani nilikumbuka karatasi ya bibi. Maneno yaliyonishinda mimi kidato cha pili yaliwahi kumshinda pia mkulima wa Kiingereza aliyesimama mbele ya hakimu akisikia shamba lake likijadiliwa kwa Kifaransa.

Mwaka 1362, chini ya Mfalme Edward III, ilipitishwa sheria kwamba kesi zizungumzwe kwa Kiingereza. Sababu iliyotajwa ni kwamba Kifaransa hakikujulikana vya kutosha, na wenye kesi hawakuelewa yaliyosemwa kwa ajili yao wala dhidi yao. Lakini sheria hiyo iliandikwa kwa Kifaransa, na iliagiza kumbukumbu za kesi ziwekwe kwa Kilatini. Mawakili hawakuwa na haraka. Ilifika 1733 ndipo Kiingereza kikawa lugha ya lazima ya kumbukumbu za mahakama za Uingereza.

Hapo niliacha kusoma kidogo. Kwetu pia, kwa miaka mingi, shahidi alisema kwa Kiswahili na hakimu akaandika kwa Kiingereza. Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilibadili sheria, likakifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, huku likiacha mlango wa Kiingereza pale haki inapohitaji hivyo.

Wapo wanaosema Kiswahili hakina maneno ya kutosha kwa kazi hiyo. Kiingereza nacho hakikuwa nayo. Kiliyakopa kwa waliokitawala. Sisi tulishakopa yetu kutoka Kiarabu: hakimu, hukumu, shahidi, wakili, sheria. Bibi hajui asili ya hata moja kati ya hayo, na hana haja, kwa sababu anayaelewa. Neno la kukopa halikumkosesha usingizi. Kilichomkosesha ni uamuzi kuhusu shamba lake kufika mlangoni ukiwa umefungwa kwa lugha isiyo yake.

Likizo iliyopita nilimwomba ile karatasi. Ilikuwa bado sandukuni, ndani ya kanga. Nilimtafsiria kurasa zote nne kwa mkono, pole pole, na nilipofika mwisho nikaandika: rufaa imetupiliwa mbali, mjibu rufaa alipwe gharama zake.

Bibi aliusoma mwenyewe, kidole chini ya kila neno. Kisha akauliza, "Gharama? Mbona hazijawahi kuletwa?"