Kilichobaki Baada ya Mkasi

Mjini Gulu, kaskazini mwa Uganda, kulikuwa na picha zisizo na nyuso. Mtu ameketi kwenye kiti, mikono imetulia mapajani, nyuma yake limeshuka pazia; ila pale kilipokuwa kichwa pamebaki tundu la mstatili. Picha hizo zilitoka Gulu Real Art Studio, studio kongwe ya mji huo. Mwaka 2011 mpiga picha Mwitaliano, Martina Bacigalupo, alizikuta, akashangaa, akauliza.

Jibu lilikuwa la hesabu. Mashine ya picha za kitambulisho ilitoa nne kwa mpigo, na wateja wengi walihitaji moja tu ya kubandika kwenye fomu. Ilikuwa nafuu kumpiga mtu picha ya kawaida, kisha kuukata uso na kumkabidhi. Kiwiliwili, kiti na pazia vikaenda kwenye taka. Bacigalupo aliyakusanya mabaki hayo, na mwaka 2013 yakaonyeshwa New York. Ukiyatazama kwa utulivu utaliona koti: lile lile, limevaliwa na watu tofauti, huyu limempwaya, yule limembana. Lilikuwa koti la kuazima pale studio, ili anayeomba kazi au mkopo aonekane nadhifu. Ofisi haikuliona koti zima wala mikono iliyolivaa. Mimi naona maisha ya mji uliopitia vita vya miaka mingi yamo zaidi kwenye mabaki hayo kuliko kwenye faili zilizochukua nyuso.

Kukata kulikokuwa kukifanyika Gulu sasa hufanyika kila steshenari kwa kubonyeza mara moja. Picha inapigwa ukutani au barazani, kompyuta inaufuta ukuta, mtu anabaki juu ya weupe au bluu. Ila kwa muda mrefu watu hawakutaka kilicho nyuma yao kiondolewe. Ndicho hasa walichokilipia.

Unguja, studio ya A.C. Gomes ilikuwa ikifanya kazi tangu karne ya 19, na aliyefika kupigwa picha alifika amejiandaa, akasimamishwa mbele ya kitambaa kilichochorwa. Ranchhod Oza, aliyewahi kufanya kazi kwa Gomes, alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na vizazi vya Wazanzibari vikapita mbele ya kamera yake. Kule Likoni, Mombasa, wapiga picha wa kando ya feri katika miaka ya 1990 walijenga vibanda vya mbao na vitambaa, wakachora meli na ndege. Kibarua aliyetoka bara kutafuta riziki alisimama mbele ya meli ile, na picha ikatumwa nyumbani. Ungemfutia meli ungekuwa umemwibia habari aliyotaka kuipeleka.

Aliyeidai picha tupu ni ofisi. Vita Kuu ya Kwanza ilipolipuka mwaka 1914, mataifa kama Uingereza na Marekani yalianza kuhitaji picha kwenye pasipoti. Mwanzoni watu walileta picha yoyote waliyokuwa nayo, hata wakiwa na kofia kichwani. Masharti yakakazwa mwaka hadi mwaka: uso utazame mbele, nyuma pawe peupe au rangi hafifu. Huko ndiko ilikotoka pasipoti saizi yetu.

Mafundi walikwisha kujua namna ya kuutoa ukuta. Kwenye negativu walipaka, kwa brashi nyembamba, rangi nzito isiyopitisha mwanga kuuzunguka mwili. Mwanga usipopita, karatasi haipati kuungua, inabaki nyeupe. Hivyo kila kilichopakwa rangi kwenye negativu kilitoweka kwenye picha. Kazi ilikuwa ya saa nzima na jicho kali, na mkono ukiteleza sikio linakwenda na ukuta.

Lakini mkasi una kazi nyingine, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa Lamu alikuwepo Omar Said Bakor, aliyezaliwa mwaka 1932 na kufariki mwaka 1993. Katika Bakor Studio aliwatoa wateja wake walipokuwa, kisha akawapandikiza pengine: uso unachanua katikati ya ua, kwa mfano. Aliufanya kwa mkono na chumba cha giza mchezo ambao leo vijana wanaufanya kwa simu. Tofauti yake na mkasi wa Gulu ni kubwa. Bakor alipomwondolea mtu mahali pake, alimpa pengine pazuri zaidi.

Kompyuta iliingia baadaye. Ndugu wawili Wamarekani, Thomas na John Knoll, waliandika programu ya kuhariri picha, Photoshop, iliyotoka mwaka 1990, na mwaka 1994 ikapata uwezo wa kupanga picha tabaka juu ya tabaka. Bado fundi alizunguka bega na shingo kwa kipanya, nukta kwa nukta. Mwaka 2004 watafiti wa Microsoft huko Cambridge walionyesha njia waliyoiita GrabCut: unamzungushia mtu mstatili, kompyuta inakisia yupi ni mtu na upi ni ukuta. Mwishoni mwa 2018 ikaja tovuti ya remove.bg kutoka Austria, na hata mstatili hauhitajiki tena.

Kinachoisumbua mashine mara nyingi ni nywele. Nukta iliyo ukingoni mwa unywele ina rangi ya unywele na ya ukuta kwa pamoja, kwa hiyo programu inapaswa kukadiria kiasi cha kila kimoja. Ikikosea, afro iliyochanwa vizuri inatoka imenyolewa pembeni kama kofia ya chuma. Hilo linaniudhi kila nikiliona, kwani mtu anapewa kichwa kisicho chake na kuambiwa ndiyo picha rasmi.

Mwezi uliopita nilikuwa nasubiri zamu kwenye steshenari. Mbele yangu mama mmoja alikuwa amempakata mtoto wa miezi michache. Fundi, kijana mmoja, alimpiga mtoto picha, mama akimshikilia shingo kwa kiganja. Kwenye kioo kijana aliufuta ukuta, kisha akakifuta kiganja. Mtoto akabaki anaelea kwenye weupe.

"Ile ya mwanzo unayo, mwanangu?" mama akauliza.

"Nimeshaifuta, mama. Hii ndiyo wanayoitaka."

"Hiyo wape wao. Mimi nataka yenye mkono wangu."

Kijana akalifungua kapu la taka la kompyuta, akaitafuta, akaichapa kubwa.