Kipimo Kiko kwa Nani?

Kila karakana inayotengeneza mandhari ya jukwaa ina swali ambalo fundi mkuu hana budi kulijibu kabla msumeno haujagusa ubao: kipimo kiko kwa nani? Jibu lake ndilo huamua nani atoe amri, nani asubiri, na kazi ikwame kiasi gani siku mkuu akiugua. Tamthilia ya Kabuki ya Japani, opera ya Ulaya ya karne ya 18 na ukumbi wa kijiji cha Kamiriithu, Limuru, Kenya, zimelijibu kila moja kivyake.

Katika Kabuki, kipimo kimo katika mila. Ulingo wa mbao unaobeba nyumba jukwaani una vimo vitatu vilivyozoeleka: sentimita 42 hivi kwa nyumba ya mtu wa kawaida, 64 kwa ya samurai, na 85 kwa kasri au hekalu. Kimo kimoja hupita kingine kwa sentimita 21 hivi, yaani kidato kimoja cha ngazi. Mkuu akitaja jina la kimo tu, seremala anajua akate miguu ya urefu gani na ngazi iwe na vidato vingapi. Mtazamaji naye anajua mwenye nyumba ni wa hadhi gani. Ukoo wa Hasegawa Kanbei, ulioanza kazi hii mjini Edo katika karne ya 17, umerithishana jina na ufundi kizazi kwa kizazi. Mkuu wa aina hii haelezi sana, anasahihisha tu.

Katika ukumbi wa opera wa Drottningholm, karibu na Stockholm, Uswidi, kipimo kimo katika mtambo. Ukumbi ulifunguliwa mwaka 1766, na mitambo aliyoiunda Donato Stopani ingali inaendeshwa kwa mikono. Watu huzungusha gurudumu la mbao chini ya sakafu. Kamba hukaza, fremu za turubai huteleza pande zote mbili za jukwaa, msitu ukatoka na kasri likaingia kwa sekunde chache, pazia likiwa wazi. Fremu ikizidi kipimo itakwama kwenye mfereji wake, na hapo hakuna mjadala. Walio chini hawaoni mchezo, wanangoja ishara. Kwa hiyo kuongoza ni kushika wakati: mmoja akichelewa, nusu ya msitu inabaki ndani ya kasri.

Kamiriithu mwaka 1977 hapakuwa na ukoo wa mafundi wala mtambo. Wakulima na wafanyakazi waliokuwa wakiandaa mchezo wa Ngaahika Ndeenda wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii walijijengea ukumbi wa wazi wenye nafasi za watu wapatao 2,000. Vijana walianza kwa kupanga ramani ya jukwaa kwa njiti za kiberiti chini, kisha wakaunda kielelezo kidogo cha kufuata. Kipimo kikawa mali ya kila aliyechutama pale kutazama. Serikali ilifuta kibali cha mchezo mwaka huohuo, na mwaka 1982 polisi wakaubomoa ukumbi.

Mila huokoa muda, lakini mchezo usiofanana na wa jana huiacha bila jina la kutaja. Mtambo huleta usahihi, lakini humfanya mtu kuwa mkono tu. Mkutano wa wote, kama wa Kamiriithu, hula siku nyingi, ila kila mmoja huelewa kwa nini ubao umekatwa hivyo.

Timu zetu nyingi, tuseme ya shule inayopakia mandhari yake juu ya basi kwenda mashindano ya drama, huwa hazina hata kimoja kati ya vitu hivi vitatu: kipimo kiko kichwani mwa mwalimu. Akitoka nje, nyundo zinanyamaza. Dawa yake haihitaji fedha. Kwanza aige Japani: achague vimo vichache, avipe majina, na kila fremu ifuate vimo hivyo hivyo mwaka hadi mwaka. Kisha aige Limuru: kielelezo kijengwe mbele ya wote kabla mbao hazijanunuliwa. Nidhamu ya ishara ya Drottningholm ibaki kwa usiku wa maonyesho, kwa kuwa ndio wakati pekee ambapo mjadala ni hasara.