Neno Gaidi na Safari Yake

Kuna maneno ambayo mtu hajiiti mwenyewe, bali huitwa na wengine. "Gaidi" ni mojawapo. Katika Kiswahili cha zamani gaidi alikuwa mnyang'anyi tu, yule aviziaye wasafiri njiani kwa silaha akawapora mali. Siasa haikuwamo. Leo ukilitamka, msikilizaji hafikirii mali hata kidogo, anafikiria bomu.

Wenzetu wa Ulaya walilipata neno lao kwa njia nyingine kabisa. Katika mapinduzi ya Wafaransa, kati ya 1793 na 1794, palikuwa na kipindi kilichoitwa Utawala wa Hofu, na aliyetia watu hofu alikuwa serikali yenyewe, kwa sheria na kwa gilotini. Robespierre alipokwisha kukatwa kichwa, Julai 1794, wafuasi wake ndio walioanza kuitwa kwa jina hilo. Msomaji na aliangalie jambo hili: neno lilizaliwa ikulu, kisha likahamishiwa kwa wanaopigana na ikulu.

Huku kwetu mfano ulio wazi ni Kenya. Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Baring alitangaza Hali ya Hatari. Tangu hapo aliyeingia msituni, katika lugha ya serikali, alikuwa gaidi, ingawa wenyewe walijiita Jeshi la Ardhi na Uhuru. Wala halikuwa tusi tu. Lilikuwa chombo cha sheria. Kukutwa na risasi kulitosha kumfikisha mtu kwenye kitanzi. Dedan Kimathi, aliyenyongwa tarehe 18 Februari 1957, hakuhukumiwa kwa kuua. Alishtakiwa kwa kukutwa na bastola na risasi. Kwa jumla Waafrika 1,090 walinyongwa katika vita vile.

Lilikuwapo na neno "kuchujwa". Watu walipangwa mstari, wakapitishwa mmoja mmoja mbele ya mtu aliyevikwa gunia lenye matundu mawili ya macho. Huyo alitikisa kichwa, basi. Kichwa kikitikiswa hivi, unarudi kwako. Kikitikiswa vile, unakwenda kizuizini, pengine kwa miaka, bila kumjua aliyekushtaki. Wagikuyu walimwita mtu huyo gakunia, yaani kigunia. Aprili 1954 jiji zima la Nairobi lilichujwa, na maelfu kwa maelfu wakapelekwa kambini.

Hata hivyo, si haki kusimulia upande mmoja. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953, huko Lari, wapiganaji walizichoma moto nyumba za jamaa za walinzi wa serikali, watu wakiwa ndani. Wengi waliokufa walikuwa wanawake na watoto. Mara askari na walinzi nao wakalipiza, wakaua watu wengi kuliko waliokufa mwanzo. Picha za mauaji ya kwanza zilisambazwa duniani. Ya pili yalifunikwa. Mimi nayaita yote mawili ugaidi, kwa sababu nalitazama tendo, simtazami mtendaji wala bendera yake. Na wapiganaji wenyewe waliijua tofauti: waliojificha msituni na kupora wanakijiji bila kumtii kiongozi yeyote waliwaita komerera, wala hawakuwahesabu kuwa wenzao.

Sisi Watanzania tulilijua neno hili kutoka upande wa pili. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu 1963. Wareno waliwaita magaidi vijana wale wale wa FRELIMO ambao sisi tuliwaita wapigania uhuru. Jina la Mzee Mandela lilibaki katika orodha ya Wamarekani hadi 2008, miaka tisa baada ya kustaafu urais.

Tusijisifu lakini. Kenya ilipopata uhuru, Wasomali wa kaskazini-mashariki waliotaka kujitenga waliitwa shifta, neno la Kihabeshi lenye maana ya jambazi. Serikali mpya ikatangaza huko hali ya hatari, ikawakusanya wafugaji vijijini chini ya ulinzi, kama Waingereza walivyowafanyia Wagikuyu. Vita vilikwisha 1967. Sheria zile za hatari zilikaa hadi 1991.

Kisha ikaja tarehe 7 Agosti 1998. Nairobi walikufa watu 213, na Dar es Salaam 11, wengi wao wapita njia na watu waliokwenda kazini asubuhi ile. Hapa sioni ubishi wa jina. Tanzania ilitunga sheria yake ya kuzuia ugaidi 2002, Kenya 2012, ingawa Umoja wa Mataifa haujakubaliana mpaka leo juu ya maana moja ya neno lenyewe. Na siku bomu lile lilipolipuka Nairobi, wazee wa Mau Mau walikuwa wangali chama haramu kwa sheria ya Kenya. Marufuku ya mkoloni ya 1950 iliondolewa 2003, miaka 40 baada ya uhuru.