Wimbo Kinywani mwa Jambazi

Siku moja mjukuu wangu alipita sebuleni akiimba "Bella ciao". Nilimwuliza wimbo huo ni wa nani. "Wa wale majambazi wa kwenye televisheni, babu," akanijibu. Mimi niliyefundisha historia miaka mingi katika chuo cha ualimu niliona haya kwa niaba yake.

Basi nikaketi naye, tukatazama pamoja. Tamthilia yenyewe ni La Casa de Papel, iliyobuniwa na Álex Pina na kuanza kuonyeshwa Hispania mwezi Mei 2017. Majambazi wenye majina ya miji, mmojawapo Nairobi, wanateka kiwanda cha noti mjini Madrid. Hawaibi akiba ya mtu. Wanachapa noti zao. Kiongozi wao, Profesa, ana hoja: Benki Kuu ya Ulaya ilipotoa mabilioni kuyanusuru mabenki, nani aliitwa mwizi?

Hoja hiyo haikutoka hewani. Mwaka 2011 Wahispania walijaa viwanjani wakilalamikia ukosefu wa ajira na kubanwa kwa matumizi ya serikali. Hata hivyo, watazamaji wa nyumbani walipungua. Ni Netflix, kampuni ya Marekani, iliyoieneza duniani, na mwaka 2018 ikapata tuzo ya kimataifa ya Emmy. Mwaka 2019 vinyago vya majambazi hao, vyenye sura ya mchoraji Salvador Dalí, vilionekana kwenye maandamano ya Lebanon, Iraki na Chile.

Nilikasirika. Wimbo huo ni kumbukumbu ya Waitalia waliopigana na mafashisti kati ya 1943 na 1945, wengi wakafa. Leo uasi unauzwa kwa ada ya mwezi!

Lakini hasira yangu ilinikumbusha jambo. Mwaka mmoja wanachuo wangu waligoma kwa sababu ya maharage yenye wadudu. Waliimba, wakajifunga vitambaa vyekundu. Niliwaita wahuni, nikawafukuza vinara watatu. Wadudu walikuwamo kweli. Mimi mwenyewe nilikuwa nimewaona ghalani.

Mwenye dai hushika ishara iliyo karibu naye. Mimi nilihoji vitambaa, sikuhoji maharage.

Jioni ile nilimsimulia mjukuu wangu habari za wale Waitalia, kisha habari za maharage. Ya pili ndiyo iliyonitoa jasho.